Sifa za Mheshimiwa Jiko la Mkaa

Mkoa wa Mara hauna uhaba wa vya kusifia. Butiama kuna kaburi la Mwalimu Nyerere, na kila Oktoba 14 wageni hufika na hotuba zao. Bunda kuna tembo wanaotoka Serengeti usiku kuja kuvuna mahindi wasiyoyalima. Musoma kuna ziwa, mawe makubwa na upepo. Wote hao wameshapigiwa ngoma. Mmoja tu amerukwa kwenye kila orodha ya nishani, ingawa ndiye aliyempikia mpiga ngoma, mgeni rasmi na mshereheshaji: jiko dogo la mkaa, lile la mshikio wa waya, ambalo hata mtoto hulibeba kwa mkono mmoja likiwa limepoa, na kwa bahati mbaya hata likiwa halijapoa.

Tuanze na ukoo, maana kwetu asiyejulikana ukoo hasikilizwi. Babu yake ni mafiga matatu, mzee mwenye heshima aliyekufa bila kusafiri. Baba yake ni jiko la bati tupu, ambalo wengi husimulia kwamba lilikuja na mafundi wa Kihindi walioijenga reli ya kutoka Mombasa. Upande wa mama ndiko kwenye makubwa: asili yao ni Thailand. Miaka ya 1980 wataalamu wa Kenya walilitazama jiko la ndoo la Kithai, wakalibana kiuno, wakalivisha udongo uliochomwa ndani na bati nje, wakawakabidhi mafundi wa jua kali. Kabla muongo haujaisha, Dar es Salaam nako ndugu yake alikuwa anagongwa na kuuzwa kwa jina la jiko bora. Bati tupu hupeleka kwenye sufuria chini ya moja ya tano ya joto la mkaa wake. Lenye udongo hufikisha robo na zaidi, joto lililobaki likimwendea mpishi. Jiko hili ni raia wetu asiye na cheti cha kuzaliwa, aliyekuwa pipa la mafuta mpaka fundi alipoanza kugonga.

Fadhila yake ya kwanza ni kufundisha subira, somo lililozishinda shule. Mtazame mwanafunzi wake alfajiri, katika ua wa nyumba ya kupanga pale Nyasho, Musoma. Analitikisa, majivu ya jana yanatoka kwenye kimlango cha chini, na nusu yake yanamrudia usoni. Anapanga magunzi mawili matatu, anadondoshea mafuta ya taa kwa kifuniko cha chupa kwa sababu mafuta ni ghali, anaweka mkaa, vipande vidogo chini na vikubwa juu. Njiti ya kwanza inazimwa na upepo, ya pili inakatika kichwa, ya tatu inakubali. Kisha anasimika juu yake kopo la maziwa lililotobolewa pande zote mbili, hilo ndilo dohani, na kuanza kupepea kwa mfuniko wa ndoo. Akihamia kulia, moshi nao unahamia kulia. Makaa yanapokolea, macho ni mekundu, chai bado haijachemka, na mtu huyo hana tena nguvu ya kugombana na yeyote hadi jioni, kwa kuwa hasira yote ameimalizia pale.

Ni raia mtiifu pia. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, jiko lilipoteza kiwashio chake kipenzi na halikuandamana. Lilirudi kwenye magunzi na maboksi, ingawa wapo watumishi wake wanaoliwasha kwa ndala zilizokatika, na mtaa mzima hujua nani kawasha. Mchana, upepo wa ziwani unapogeukia nchi kavu, hupepewa bure. Gharama hubebwa na jirani aliyeanika mashuka meupe.

Kazi halibagui. Likimaliza maharage hubandikwa maji ya kuoga, kisha makaa yaliyobaki huingia kwenye pasi, na sare ya shule inanyooka. Halafu kuna ujirani. Mtu huja na kipande cha bati kuomba makaa mawili ya moto, anapewa, na pamoja nayo anapewa habari za aliyerudi usiku wa manane. Hakuna aliyewahi kubisha hodi kuomba miali miwili ya gesi. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilituhimiza ujamaa na kujitegemea. Wengi tumechoka njiani, lakini jiko bado linagawa moto wake, na halitegemei waya wala mpira wa kuunganisha.

Safarini ndipo utaijua tabia yake. Mwalimu wa ajira mpya aliyepangiwa kijiji cha ndani huko Butiama anashuka Makutano na godoro, ndoo, begi na jiko. Utingo alikuwa amelikataa kwa mdomo na kulipokea kwa elfu moja. Akalisukumia kwenye buti, na majivu yaliyosahaulika ndani yake yakagawiwa kwa haki juu ya mizigo ya abiria wote, bila kujali dini wala kabila. Chumba alichopewa mwalimu hakina taa, mlango hauna kitasa. Jua likizama, jiko linawaka kizingitini, na kijiji kinajua kwamba mwalimu amefika, amepika nini na ameunguza nini. Wavuvi wa dagaa nao, usiku usio na mwezi, hulipakia mtumbwini pamoja na taa zao, likiwa limekalishwa ndani ya karai la mchanga lisije likatoboa mbao. Saa nane usiku katikati ya ziwa, nani mwingine atakuletea chai?

Utukufu wake kamili huonekana likipewa sato. Awe wa asubuhi, ameparwa magamba, amechanjwa mara tatu kila ubavu, amepakwa chumvi na ndimu. Ngoja makaa yavae majivu meupe; mwenye haraka hula samaki mweusi kwa nje na mbichi mgongoni. Mlaze kwenye wavu na umwache mpaka ngozi ijiachie yenyewe, kwa sababu ukimgeuza mapema nusu yake inabaki jikoni na haidaiwi. Pembeni uweke ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, na pilipili. Hapo hata mpinzani wa mkaa hunyamaza, angalau mpaka anawe mikono.

Sangara humpa mchomaji taabu zaidi. Mafuta yake yakidondoka, moto unaruka na nyusi zake zinapungua. Mafuta hayohayo yameacha historia: sangara alipopandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akazaana na kujaa, watu waligundua kwamba haanikwi juani akakauka vizuri jinsi dagaa anavyokauka. Alitaka kubanikwa kwa moshi, na moshi ulitaka kuni. Miti ya kandokando ya ziwa ilimfahamu sangara kabla ya wanunuzi wa Ulaya.

Maadui hawakosekani. Mei 8, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Mitungi ya kilo 6 imegawiwa mikutanoni, picha zikapigwa. Jiko halikujibu neno. Linajua kwamba gesi ya kwanza huisha, na siku hiyo mtungi hugeuka stuli ya mgeni, na lenyewe huitwa kutoka nyuma ya mlango lilikokuwa limefichwa.

Nguvu yake iko kwenye chenji. Mtungi unataka ulipwe wote kwa mkupuo. Mkaa humpima mtu kwa mfuko wake: gunia kwa mwenye mshahara, sado kwa mwenye kibarua, kopo kwa aliyeuza mchicha leo, na fungu la chenga kwa ambaye hajauza kitu. Hakuna mlango wa nishati ulio mpana namna hiyo. Ukarimu huu, hata hivyo, una riba. Anayenunua kopo kila siku, mwezi ukiisha amelipa zaidi ya jirani aliyenunua gunia, na pengine zaidi ya mwenye mtungi. Asiye nacho anapika kwa bei ya juu kuliko wote, na jiko, kwa adabu yake, halimwambii.

Deni jingine hulipwa porini. Tanuru la kienyeji la udongo humeza kilo 100 za mti na kurudisha mkaa kilo 10 hadi 20, nyingine zimepaa. Kwa huduma hiyo jiko limetusaidia kuona mbali: kilima ambacho jana kilikuwa kichaka, leo kinaruhusu jicho lifike upande wa pili bila kizuizi. Msitu mdogo wa Muhunda pale Butiama Wazanaki wanauheshimu kuwa makao ya mzimu, na umesalia. Inaelekea shoka huogopa mizimu kuliko linavyoogopa notisi za maliasili.

Kuna jambo moja ambalo halina mzaha. Jiko hili halilali chumbani. Usiku wa mvua, madirisha yakifungwa, makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoshikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Makaa yanayoonekana yamepoa na hayatoi moshi bado yanaitoa. Aliyelala hasikii kikohozi wala macho hayamwashi, haamki. Pika nje, lipoe nje, hata ikibidi lilowe.

Baada ya sifa zote hizi sipendekezi nishani, napendekeza pensheni. Limetumikia vya kutosha, na wengi wa wanaolishikilia hawalipendi, ila hawana kingine kinachokubali pesa ya leo. Siku gesi itakapopimwa dukani Nyasho kwa pesa ya kopo la mkaa, na mwalimu akaweza kujaza mtungi wake kijijini bila kupanda bodaboda kwenda mjini, jiko litastaafu bila kufukuzwa, na litapandwa mchicha. Anayetaka kulistaafisha kabla ya hapo aanze na bei, hotuba tunazo za kutosha.