Shangazi na Mashimo ya Jiji

Barua za mwezi huu zimetoka Jinja na Mbale, na karibu zote zimefika na vumbi. Nimejibu zilizosomeka.

*Shangazi, kuna mwanamume huja mtaani kwetu kila baada ya miaka mitano. Hunishika mikono yote miwili, huniambia barabara yetu itawekwa lami, kisha hapatikani hata kwa simu. Safari hii alikuja na greda. Ikakwaruza udongo siku moja, ikaondoka naye. Nimsubiri? — Aliyeahidiwa, Namatala, Mbale*

Mwanangu, greda ile si yake. Mwaka 2017 serikali ya Uganda ilinunua mitambo ya barabara kutoka Japani, ikagawiwa wilaya mbalimbali kwa pesa zetu sote. Anayeileta siku za kampeni ameazima mali yako ili akutongozee wewe mwenyewe. Tena akirudi, usimwulize habari za lami, mwulize habari za mtaro. Maji yateremkayo kutoka mlima Wanale mnayajua. Mwishoni mwa Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika ikaua watu na kubomoa nyumba. Udongo uliokwaruzwa na greda pasipo mtaro ubavuni huondoka na mvua ya kwanza, na ahadi huondoka nao.

*Shangazi, mimi ni bodaboda. Shimo la karibu na steji yangu nimelikwepa mpaka abiria wanadhani nimelewa. Nilikwenda kuliripoti ofisi moja, wakanituma ya pili. Ya pili wakanirudisha ya kwanza. Hivi shimo hili ni la nani? — Mkwepaji, Jinja*

Hapa nitakaa kidogo, maana watu wengi wanalia juu ya shimo bila kujua baba yake.

Likiwa kwenye barabara kuu, ile itokayo Kampala ikapita Jinja kwenda Iganga na Tororo, au ile ya Tirinyi iendayo Mbale, ni la serikali kuu. Zamani ungeipelekea UNRA, mamlaka ya taifa ya barabara, lakini mamlaka hiyo ilivunjwa mwishoni mwa 2024 na kazi yake ikarudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Likiwa mtaa wa ndani, ni la jiji. Jinja na Mbale zilipandishwa kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020, na shimo lako likapandishwa cheo siku hiyo hiyo.

Sasa acha kuripoti kwa mdomo. Maneno ya mdomoni hukauka kabla hujafika getini. Andika barua fupi kwa Karani wa Jiji, nakala kwa mhandisi: jina la mtaa, shimo liko mkabala na duka gani, upana wake kwa hatua, kina chake kwa kiatu, na lilivyoumiza watu kama limeumiza. Ambatisha picha yenye tarehe. Pitia kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, akugongee muhuri. Ukifika mapokezi, usiondoke mpaka nakala yako nayo imegongwa muhuri wa kupokelewa. Karatasi hiyo ndiyo uchumba wenyewe. Yaliyotangulia yalikuwa maongezi tu. Uingereza, chini ya sheria yao ya barabara ya 1980, mtu akiumia shimoni na kushtaki, moja ya mambo ambayo mahakama huangalia ni kama halmashauri ilikuwa inajua shimo lipo. Nawe hakikisha wanajua, tena kwa muhuri wao.

Wakikwambia hakuna pesa, usibishane. Mwaka wa fedha 2023/24 serikali ilianza kutenga shilingi bilioni 1 za ziada za barabara kwa kila wilaya, jiji na manispaa. Andika barua ya pili, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005, uulize bilioni hiyo ilipita mtaa gani. Sheria inawapa siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, wamekujibu, na hapo una la kumpelekea diwani mbele ya watu.

*Shangazi, kijana wetu yuko Canada, anasema hata huko kuna mashimo kwa ajili ya barafu. Sasa mume wangu anasema mashimo ni mapenzi ya Mungu, jiji lisilaumiwe. — Mama Canada, Jinja*

Mwanao hakudanganya. Kwao maji huingia kwenye ufa wa lami, yakiganda huvimba kwa karibu asilimia 9 na kuupasua zaidi. Baridi ikipungua, magurudumu humalizia. Lakini Jinja maji huganda ndani ya friji tu, na hapo ni siku ambayo umeme upo, ingawa bwawa la umeme liko pale pale tangu 1954. Kwetu maji hutuama juu ya lami kwa sababu mtaro umejaa chupa za plastiki, yakapenya na kulainisha tabaka la chini, kisha lori la miwa likapita. Mwambie baba watoto: mvua ni ya Mungu, mtaro ni wa jiji.

*Shangazi, wananchi wanapanda migomba kwenye mashimo ya barabara zetu na kuipiga picha. Wanatuaibisha mbele ya wageni. Tuwafanyeje? — Mwenye Tai, ofisini*

Mheshimiwa, mgomba huchukua karibu mwaka mzima kuzaa. Ndizi zikikomaa barabarani, wa kuulizwa si aliyepanda. Kumbuka Aprili 2023, mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo alipowaalika watu kuonyesha mitandaoni picha za mashimo ya Kampala: Rais Museveni aliagiza jiji hilo lipewe shilingi bilioni 6 za kuyaziba. Wapigapicha hao wanakuombea bajeti. Wanunulie soda.

*Shangazi, vijana wa kwetu hufukia shimo mchana na kutudai pesa, usiku linafukuka lenyewe. — Mwenye Duka, Mbale*

Lipa mara moja, kisha lala dirishani.

Mwezi ujao tuma barua pamoja na picha ya shimo na nakala iliyogongwa muhuri. Wenye matatizo ya waume wawaandikie mashangazi wengine. Hapa tunashughulikia barabara.