Sifuri, Bosi

Mwaka 1995 mtafiti Tatu Ylönen wa Ufini, baada ya wezi wa nywila kuuvamia mtandao wa chuo chake, aliandika programu ya SSH: unakaa kwako, unaituma kompyuta iliyo mbali, nayo inatii. Amri ikimalizika inarudisha namba. Sifuri maana yake kazi imekwenda salama.

Wenye maduara wetu, yale mashimo ya dhahabu ya Rwamgasa na Nyarugusu, Geita, nao wana mtambo wao. Bosi yuko Mwanza, duarani hajashuka tangu lifunguliwe, anapiga simu: "Pelekeni mawe karasha!"

"Sawa, bosi."

Mawe yanasagwa, unga unaoshwa kwenye mwalo, zebaki inanasa punje, kitambaa kinakamuliwa. Jioni bosi anauliza zimetoka gramu ngapi.

"Sifuri, bosi. Mwamba umebadilika."

Na kweli kazi imekwenda salama, hasa kwa waliosimama jirani na karasha. Wengine kesho yake wanaonekana na pikipiki mpya, lakini hiyo haimo kwenye ripoti. Ylönen alihangaika kuficha mazungumzo yasiibwe njiani. Huku njiani hakuna anayeiba kitu. Mwizi ndiye aliyepokea simu.