Hati ya Uzee: Barua kwa Ami, Kambi Muru

Kwa jenabi ya ami yangu mpenzi, pamoja na shangazi na jamaa wote wa Kambi Muru, Kibra, Nairobi, wakubwa kwa wadogo, na hata wale watakaosomewa barua hii barazani ilhali haikuwahusu.

Nawaarifu ya kuwa mimi ni mzima hapa Freiburg, kusini mwa Ujerumani, ambako baridi imepungua kiasi cha mtu kuthubutu kutoa mikono mifukoni, na ya kuwa majuma haya nimepandishwa cheo nisichokiomba: nimekuwa mjuzi wa magari ya kale. Elimu hii sikuisomea, nimeirithi. Jirani yangu, Mjerumani mstaafu mwenye adabu nyingi na haraka chache, alipata habari za Peugeot 504 inayouzwa, ile stesheni wagoni yenye safu tatu za viti, na aliposikia kwamba ami yangu aliendesha gari la namna hiyo miaka na miaka, akipakia abiria River Road na kuwashusha Kisumu, akaniomba kwa taadhima niandamane naye kwenda kulihukumu. Nilimweleza kwamba mimi katika gari lile nilikuwa mtoto wa kupakatwa ili nisilipishwe nauli. Akaliandika hilo katika daftari lake kuwa ni tajiriba.

Lakini kwanza sharti niwafahamishe desturi ya nchi hii juu ya uzee. Huku gari likitimiza miaka 30 tangu liandikishwe, na mkaguzi mwenye idhini akaliona limetunzwa vema na lingali katika hali yake ya asili, mwenyewe hupewa ruhusa ya kutia herufi H mwishoni mwa namba yake. Na H hiyo, iliyoanza kutolewa mwaka 1997, ni shahada mbele ya watu na askari kwamba gari hili si kuukuu bali ni turathi. Kodi yake kwa mwaka ni euro 191 na senti 73, iwe injini ni ndogo au ni ya kuvuta jabali, na huruhusiwa kuingia hata katika zile sehemu za miji ambazo magari mengine yenye moshi yamepigwa marufuku. Fauka ya hayo, magari haya hutiwa maksi kuanzia 1 mpaka 5, ila hesabu yao imepinduka: 1 ni ya gari lisilo na ila hata moja, na 5 ni ya lile ambalo sisi tungesema bado linatembea. Ami, fikiri wewe mwenyewe: Kambi Muru gari la miaka 30 ni kijana ambaye hajaoa, na huku amekwisha kupewa pensheni.

Tulimkuta muuzaji akitungoja mlangoni mwa banda lake, mkononi ana jalada nene la risiti, na kabla hatujaliona gari akaanza kutusomea nasaba yake: kwamba 504 ilitolewa mwaka 1968, ikachaguliwa gari la mwaka Ulaya mwaka 1969, stesheni wagoni ikafuata mwaka 1970, na hii yake ilizaliwa kiwandani Sochaux mwaka 1979. Mimi nami, kwa kuwa haifai mtu wa Kibra kushindwa kwa majigambo katika nchi ya watu, nikamjibu kwamba mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa 504, ile ya milango miwili. Na kabla yao Nick Nowicki alishinda kwa 404 mwaka 1963 na mwaka 1968, na miaka yote miwili hiyo magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu, mengine yote yamelala topeni. Muuzaji akafunga jalada lake. Tukaingia bandani.

Ami, lau ungaliliona! Rangi ya samawati isiyo na mkwaruzo, zile taa za mbele ambazo watu husema ni macho ya Sophia Loren zimesafishwa hata zinakutazama kwa madaha, na viti vya safu ya nyuma vingali na ule ung'avu wa kitu kisichopata kukaliwa. "Gari hili," akasema muuzaji kwa fahari, "halijapata kubeba zaidi ya watu watano." Nikalionea huruma. Nilikumbuka safu ile ile katika gari lako, mama wanne wenye vikapu, mwanafunzi mwenye sanduku la bati juu ya magoti, na jogoo asiye na mwenyewe mpaka tufike Nakuru. Nikajiuliza gari lililoumbwa kubeba kaya nzima lina kosa gani hata lifungiwe bandani kama mjane katika eda.

Ukaguzi ukaanza. Jirani yangu ana ala ndogo ambayo ukiibandika juu ya bati hukuambia unene wa rangi kwa mikroni: ikisoma mia moja na kitu, hiyo ni rangi ya kiwandani, ikirukia elfu, chini yake pana fila, na chini ya fila pana siri. Akapima boneti, akapima milango, kila namba akaiandika. Mimi nikatumia ala niliyorithi kwako, kifundo cha kidole cha kati, nikigonga na kutega sikio, maana bati husema na fila hunyamaza. Nakuhakikishia, ami, kwamba kidole na ala havikupishana pahali popote isipokuwa kwa muda: mimi nilimaliza nikasubiri nusu saa.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba gari hili lina mauti mawili. Kwetu 504 huuawa na mashimo, nayo humaliza kwanza shokabsoba, kisha bushi, kisha subira ya dereva, ilhali bati linabaki zima. Huku barabara ni laini, lakini wakati wa theluji hunyunyizwa chumvi ili magari yasiteleze, na chumvi hiyo huingia chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu na ukingoni mwa mlango wa nyuma, ikatafuna kimyakimya miaka kumi, hata siku moja mtu akipiga jeki, jeki inapanda na gari linabaki chini.

Kwa hiyo nikavua koti nikalala chali. Unajua vema kwamba stesheni wagoni si saluni iliyorefushwa tu: saluni nyingi za 504 nyuma zina springi huru, hii ina ekseli nzima na springi nne, mbili kila upande, na kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni milimita 2900 badala ya 2740. Springi zote nne zilikuwa za asili, hazina hata dalili ya kuinama. Lakini chini ya mlango wa kushoto niliona weusi mpya, lami ya juzi juu ya gari la 1979, na weusi mpya mahali pa kale haukosi sababu. Nikaukwangua kwa ufunguo wa nyumba yangu. Ikatoka fila, na nyuma ya fila kiraka kilichochomelewa na mtu aliyekuwa na haraka.

Nilitoka chini nikamweleza muuzaji, kwa upole, kwamba katika dini yetu mwenye kuuza hupaswa kuibainisha aibu ya bidhaa yake, na mnunuzi aliyefichwa ana haki ya kurudisha. Akawa mwekundu. Akasema kazi hiyo ilifanywa na mwenyewe wa kwanza. Lile jalada la risiti, ambalo lilikuwa na karatasi hata ya balbu, juu ya kiraka hicho lilikuwa bubu.

Ili kubadilisha mazungumzo akaanza kusifu uasilia: balbu za njano, kama zilivyolazimishwa Ufaransa hadi mwaka 1993, gia ya sakafuni kama ilivyotoka, vioo vya pembeni vya kiwandani. Mimi vioo vile vilinitia shaka, maana havikuchorwa namba ya gari, na Nairobi kioo kisichochorwa namba ni kioo kinachongoja kuondoka usiku, na mwenyewe akienda mjini asubuhi kukinunua tena atakitambuaje? Jirani aliniuliza kama nasema kweli. Akaandika.

Kisha muuzaji akaniuliza habari za gari lako, nikamwambia kwamba liliunganishwa Mombasa, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, kama 504 nyingi za Kenya ambazo ziliendelea kuundwa huko miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuacha zile za abiria mwaka 1983. Akatabasamu. "Basi," akasema, "hilo si la asili hasa." Ami, hapo damu ilinipanda. Mimi ni mjukuu wa askari wa King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza. Babu zetu walipewa msitu wa Kibra zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wakazaa na kuzikwa hapo, na kwa miaka mingi wajukuu wao wakitaka kitambulisho waliitwa mbele ya kamati, walete cheti cha baba na cha babu, waeleze walitoka wapi. Nikamjibu kwamba lililozaliwa Mombasa likapanda Mau Summit kila siku likiwa na watu tisa lina asili kuliko lililozaliwa Sochaux likalala. Hakunielewa. Jirani alinielewa nusu, na hiyo nusu inatosha kwa ujirani.

Nilipotakiwa hukumu nilitoa maksi mbili: uasilia 1, hali 3. Springi ambazo hazikubeba mtu sikuzihesabia utukufu. Muuzaji akapunguza euro elfu tatu kwa ajili ya kiraka, na gari likanunuliwa, nalo sasa liko chini ya dirisha langu likingoja fundi wa kuchomelea.

Na hii ndiyo haja ya barua. Taa ya nyuma ya kulia imepasuka kioo, na kioo kipya hakipatikani ila kwa bei ya ng'ombe. Nimekumbuka kwamba gari lako lililo nyuma ya nyumba, taa ya kushoto ilitoka kwenye pikapu, lakini ya kulia ni yenyewe. Kwa hisani yako wahamishe kuku, uifungue polepole, uifunge kwa kanga na kumpa yeyote ajaye huku. Na yule mtu wa vyuma vikuukuu anayepita na mkokoteni akiuliza bei ya bodi, mwambie gari hilo lina miaka zaidi ya 40, na kwa sheria ya Ujerumani ni turathi.