Roshani Baharini: Mwongozo kwa Mzazi Anayejiamini

Umelipia roshani, basi itumie. Meli imeng'oa nanga Miami, Bahamas iko mbele, na chumba chako kina mlango wa kioo unaofungukia kijisehemu cha hatua mbili tatu, kisha bahari tupu. Wanao, mmoja wa miaka mitano na mwingine wa minane, wameshachoka kutazama maji. Mwongozo huu utakusaidia kuwachangamsha.

Anza na viti. Mhudumu wa chumba ameviegemeza ukutani, mbali na ukingo, kwa sababu zake mwenyewe. Usimwache akupangie maisha. Vuta kiti kimoja hadi ukingoni ili mtoto aone vizuri. Hapa inafaa uzijue kidogo hesabu za wenzako. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu usalama wa meli za abiria inataka ukingo uwe na kimo kisichopungua inchi 42, yaani kama sentimita 107. Mtoto wa miaka mitano ana urefu wa sentimita 110 hivi; akisimama sakafuni, ukingo unamfika karibu na utosi. Wabunge walijadili, wahandisi wakapima, mafundi wakachomelea. Wewe, kwa kiti cha sentimita 45, umewafuta kazi wote. Ukingo umebaki sentimita 62, na mtoto yule yule sasa unamfika kiunoni. Meza ndogo ya chai nayo inatosha, tena ina sifa ya ziada: mtoto anaweza kuisogeza mwenyewe wakati umelala.

Wapo wazazi waoga ambao siku ya kwanza, kabla hata masanduku hayajafika chumbani, humwomba mhudumu azitoe samani zote za roshani. Watu hao hao hupenda kukagua komeo la pili, lile ambalo meli nyingi huliweka juu ya mlango, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Wewe liache wazi. Kulifunga na kulifungua kutwa nzima kunachosha, hasa ukiwa umeshika glasi.

Upepo usiusahau. Mlango wa roshani ukiwa wazi, mtume mtoto akafungue ule wa kutokea koridoni. Upepo utakatiza chumba kama mtu aliyeitwa, mlango mzito utajibamiza, na kidole kilichokuwa kwenye fremu kitakuwa na hadithi ya kusimulia. Zahanati ya melini ipo, na bili yake huja kwa dola.

Ikiwa chumba cha jirani ni cha ndugu zenu, muulize mhudumu kama kigawanyo kati ya roshani zenu kinafunguka. Kikifunguka, watoto watapata uwanja wa mbio, na kila mzazi atakuwa na hakika kwamba mwenzake ndiye anayewaangalia.

Sasa picha, maana bila picha safari haikuwapo. Mwaka 2019 abiria mmoja wa Allure of the Seas alisimama juu ya ukingo wa roshani yake ili apigwe moja nzuri. Aliteremshwa melini, na kampuni ikampiga marufuku kupanda meli zake maisha yake yote. Hakukuwa na haja hata ya roshani mnamo Juni 2025, Disney Dream ilipokuwa ikirudi Fort Lauderdale kutoka Bahamas: binti mdogo aliyeketi ukingoni kwenye sitaha ya nne alianguka baharini. Baba yake akajitosa nyuma yake, na mabaharia wakawaopoa wote wawili wakiwa hai. Kabla hujamweka wako mkao wa picha, kumbuka kwamba meli inayokwenda noti 20 hupita kama mita 10 kila sekunde, na nahodha hana breki ya kukanyaga. Inabidi aizungushe meli nzima ili arudi katika njia aliyotoka. Muda wote huo lazima awepo mtu asiye na kazi nyingine ila kumnyooshea kidole aliyeanguka, asimpoteze machoni, huku wengine wakirusha maboya. Wewe utakuwa unatafuta miwani.

Usitegemee sana mitambo. Sheria ile ile ya 2010 inataka meli ziwe na vifaa vya kunasa picha za mtu anayeanguka au kumtambua, kadiri teknolojia inavyopatikana, kauli yenye nafasi kubwa kuliko roshani yenyewe.

Sigara ni jambo fupi. Machi 2006, Star Princess ikielekea Montego Bay, moto ulianzia kwenye roshani, ukarukia nyingine kwa msaada wa vigawanyo na viti vya plastiki. Kilichoshukiwa ni kipisi cha sigara. Abiria mmoja alikufa kwa moshi, na kanuni za kimataifa kuhusu roshani zikabadilishwa. Hapo sina mzaha. Nguo za kuogelea, ukitaka, zianike ukingoni; jirani wa sitaha ya chini atazipokea.

Kikwazo kikubwa kwa mzazi anayejiamini ni bibi wa watoto. Ukimleta, umejiharibia. Wewe una ile kauli yako, "Nipo hapa hapa," unayoitoa macho yakiwa kwenye simu. Yeye hana simu ya kumshughulisha. Ataweka kiti chake ndani, mgongo ukiwa umebana mlango wa kioo, akitia uzi kwenye sindano, na mtoto akikaribia atasikia "Wee! Unakwenda wapi?" kabla hajagusa pazia. Ukimwambia, "Mama, waache watoto wafurahi," atajibu kwamba wafurahie ndani. Mkatie tiketi ya chumba cha sitaha nyingine.

Wasiotaka hekaheka hizi huchukua chumba cha ndani, kisicho na dirisha, cha bei ya chini. Hiyo hiyo Disney Dream ina vyumba vya ndani vyenye skrini ya duara mfano wa dirisha la meli: inaonyesha bahari ya nje kama ilivyo saa hiyo, na mara moja moja katuni hukatiza. Watoto wa vyumba vya roshani wakishapata rafiki anayelala huko, kila jioni huwaburuta baba na mama zao wakatazame bahari.