Shangazi Anajibu: Kiu ya Baharini

Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tunaishi Houston. Mwezi ujao tunapanda meli ya kitalii pale Galveston, siku saba, tunapita Cozumel na Roatán ndipo turudi. Shoga yangu wa kazini ananishauri nisihangaike na mvinyo wa madukani, eti baharini hakuna ushuru na chupa zinauzwa bei ya kutupa. Mume wangu anasema shoga yangu hajapanda hata pantoni. Nimsikilize nani?
Mwenye Kiu, Houston

Marahaba, mwanangu. Shoga yako kapatia kwenye ushuru, kakosea kwenye bei. Tuanze na huo ushuru, maana wengi wanautaja na wachache wameuhesabu. Chupa ya mvinyo wa kawaida ya mililita 750 inapofika kwenye rafu ya duka Houston, serikali ya Marekani imeshaitoza ushuru wa dola 1.07 kwa galoni, na jimbo la Texas senti 20.4 kwa galoni hiyohiyo. Galoni moja inatoa chupa tano na kidogo. Ukigawanya, Washington imechukua kama senti 21 na Texas senti 4. Ongeza kodi ya mauzo ya asilimia 8.25, ambayo kwa chupa ya dola 12 ni kama dola moja. Kwa hiyo kila kitu ambacho bahari inaweza kukusamehe kwenye chupa hiyo ni dola moja na robo. Sifa za maduka yasiyotoza ushuru zimejengwa na pombe kali na sigara, si mvinyo: chupa ya wiski yenye kilevi cha asilimia 40 inabeba zaidi ya dola mbili na nusu za ushuru huo wa serikali kuu na jimbo, yaani mara kumi ya ule wa mvinyo. Wanaorudi nyumbani na wiski wana hoja. Shoga yako, aliyeichukua hoja ya wiski akaivisha mvinyo, hana. Na hata hiyo dola moja na robo haiko salama. Baadhi ya kampuni hutoza kodi ya jimbo kwenye vinywaji mpaka meli itoke kwenye maji ya Texas. Ukirudi na chupa mkononi, forodha ya Marekani inasamehe lita moja tu kwa mtu mzima, na pale Galveston utawakuta maofisa wa pombe wa jimbo wakidai kodi yao hata kwa ile uliyoinunua bila ushuru.

Sasa bei yenyewe. Mvinyo unaomiminwa mezani melini hauuzwi kwa hesabu za duka, unauzwa kwa hesabu za mgahawa. Chupa ya dola 12 dukani, mgahawa wa kawaida huiuza mara mbili na nusu au mara tatu ya hapo, na meli kubwa hazipishani sana na mgahawa. Tuseme dola 36. Kisha inakuja bakshishi ambayo hukuulizwa: asilimia 18 kwenye kampuni nyingine, 20 kwenye nyingine, inaingia yenyewe kwenye bili. Kwa asilimia 18 chupa yako imefika dola 42 na nusu. Dola moja na robo uliyosamehewa imemezwa na bakshishi peke yake, na bado bakshishi ina njaa. Lakini nisiwaonee wenye meli. Chupa hiyohiyo kwenye mgahawa wa Houston ingekuwa na bei ya mgahawa, kodi juu yake, na bakshishi ya mhudumu anayekutazama usoni. Ukilinganisha na mgahawa, umelipa bei ya mgahawa na hujaibiwa. Ukilinganisha na duka, umelipa mara tatu na nusu. Mumeo yuko karibu na ukweli kuliko shoga yako, ingawa naona sababu zake zinahusu pantoni zaidi kuliko mvinyo.

Shangazi, mimi ni mhasibu Mombasa, na meli hizi huziona zikifunga gati Kilindini. Hesabu yako haijaniingia. Kampuni inanunua mvinyo kwa wingi, ushuru hailipi, kodi ya pango haina. Kwa nini iuze kwa bei ya mgahawa wa mjini? Kwa sheria ya soko, bei ingeshuka.
Vitabu Havidanganyi, Mombasa

Sheria ya soko, mwanangu, inataka kwanza soko liwepo. Gharama humwambia muuzaji asishuke chini ya wapi. Anayemzuia asipande ni duka la jirani, na katikati ya Ghuba ya Mexico hakuna duka la jirani. Meli inajua hivyo, ndiyo maana mzigo wako unapitishwa kwenye mashine siku ya kupanda na chupa za ziada zinazuiwa. Hata chupa ulizonunua kwenye duka la melini lenyewe mara nyingi unakabidhiwa mwishoni mwa safari, usije ukajihudumia chumbani. Nakubali kwamba kumhudumia mtu mvinyo baharini kuna gharama: ghala, barafu, glasi zinazovunjika, mtu wa kuzikusanya saa sita za usiku. Ila huyo mtu unamlipa kando kwa ile asilimia 18, na mvinyo wenyewe umeingia ghalani kwa bei ya jumla. Gharama hazielezi pengo lote.

Kinachoeleza ni vitabu, kwa kuwa umesema havidanganyi. Mwaka 2023 Royal Caribbean Group iliingiza karibu dola bilioni 13.9. Tiketi zilileta kama bilioni 9.6. Zilizobaki, karibu bilioni 4.3, zilitokana na matumizi ya abiria melini na mengineyo: vinywaji, kasino, matembezi ya bandarini, intaneti, kukandwa mgongo. Kwa Carnival, iliyo kubwa kuliko hiyo, sehemu hii mwaka huohuo ilipita theluthi ya mapato. Ukiwa na mapato ya namna hiyo unaweza kuuza tiketi kwa bei inayomshangaza hata mpangaji wa hoteli ya kawaida, kwa sababu chumba kitupu hakinywi. Ushindani upo, tena mkali, lakini upo pale mnunuzi anapoweza kulinganisha: kwenye tiketi, kabla ya safari. Orodha ya mvinyo anaisoma akiwa ameshakaa mezani. Kwa hiyo lile punguzo ulilolitafuta, mhasibu wangu, lilitokea kweli, ila lilikwenda kwenye tiketi. Anayekunywa anamchangia nauli asiyekunywa. Muislamu na mlokole walio chumba cha pili wanasafiri kwa bei iliyopunguzwa na kiu ya watu wengine, na sijasikia wakishukuru.

Hapa huwa anatokea mtu wa kuniambia: basi Shangazi, mvinyo si ghali, ni sehemu ya nauli iliyolipwa kwa awamu. Hoja hii ni nzuri kwa mwenye hisa, mbaya kwa abiria. Nauli umeshailipa, na haipandi hata senti usipokunywa. Jumla ya safari yaweza kuwa rahisi ajabu, na bado kila chupa ikapimwa peke yake, maana kila chupa unaweza kuikataa peke yake. Kampuni zinalijua hilo kuliko sisi. Ndiyo sababu pesa taslimu hazionekani melini: unagusisha kadi ya chumba, unatia sahihi, na bili nzima unaikuta mwishoni, wakati sanduku limeshafungwa na hoja zote zimekwisha.

Shangazi, tumekubali ni ghali. Lakini ni likizo, na mimi siwezi kula kamba kwa maji ya barafu. Kama ni lazima ninunue, ninunue ipi?
Mlaji, Dar es Salaam

Swali zuri, na jibu lake halimo kwenye sura ya lebo. Kwanza, chupa dhidi ya glasi. Chupa ya mililita 750 ni glasi tano za mililita 150. Kama glasi ni dola 12, tano ni dola 60, na mvinyo huohuo kwa chupa unaweza kuupata kwa 40. Tofauti hiyo ya dola 20 ndiyo bei ya kuogopa kuacha chupa nusu, na melini woga huo hauna maana. Mhudumu hurudisha kizibo, huandika namba ya chumba chako kwenye chupa na kuitunza, na kesho jioni inarudi mezani. Mgahawa wa mjini hauwezi kukufanyia hivyo, kwa sababu kesho utakula kwingine. Melini utakula hapohapo, upende usipende. Hii ni faida ya kweli ya mvinyo wa baharini, na ajabu ni kwamba haitangazwi. Glasi inamfaa mtu anayekunywa moja tu kwa siku mbili, au anayetaka nyeupe kwa samaki na nyekundu kwa nyama usiku uleule.

Pili, mahali pa kuweka kidole kwenye orodha. Wenyeji wa mambo haya wana imani kwamba chupa ya pili kutoka chini kwa bei ni mtego, kwa sababu wateja wanaona haya kuagiza ya kwanza. Mwaka 2021 wanauchumi David de Meza na Vikram Pathania waliipima imani hiyo kwenye orodha za migahawa ya London, wakakuta si kweli. Asilimia inayoongezwa juu ya bei ya duka ilikuwa ndogo zaidi kwenye ncha mbili, chupa za bei ya chini na za bei ya juu, na ilipanda kuelekea katikati. London si meli, ila mkono unaoandika orodha unafikiri vilevile popote: katikati ndipo anapokimbilia mteja asiyetaka kuonekana bahili wala mfujaji, na haya ya mteja ina bei yake. Mimi ningechukua ya chini bila kuona haya. Au, kama kuna sherehe ya kweli, ningeruka katikati yote na kwenda juu, ambako angalau pesa nyingi zaidi zinanunua mvinyo wenyewe.

Tatu, na hii inazishinda zote mbili: beba yako. Kampuni kadhaa kubwa zinazotoka bandari za Marekani, Carnival na Royal Caribbean zikiwemo, zimekuwa zikimruhusu kila mtu mzima aliyefikisha miaka 21 kuingia na chupa moja ya mililita 750, isiyofunguliwa, kwenye mkoba wa mkononi siku ya kwanza. Soma masharti ya safari yako, hubadilika. Ukiinywea chumbani hulipi kitu. Ukiipeleka mezani kuna ada ya kufungua, dola 15 hivi. Chupa yako ya dola 12 mezani imekuwa 27, dhidi ya 42 na nusu ya melini. Na kadiri chupa uliyoibeba ilivyo nzuri, ndivyo ada ileile inavyozidi kuwa ndogo. Kulipa dola 15 kwa ajili ya mvinyo wa dola 6 ni kujikomoa.

Shangazi, binamu yangu anamimina ramu kwenye chupa za dawa ya kusukutua mdomo na kuitia rangi ya kijani. Unasemaje?
Mjanja, Tampa

Nasema ulizo lako ni la ramu au la meno? Wakaguzi wamekuwa wakiziona hizo chupa kwa miaka, na ramu iliyokaa mahali palipokuwa na mnanaa haina thamani kwa bei yoyote.

Shikamoo Shangazi. Mke wangu ameokoka, mimi bado. Nataka kununua kifurushi cha vinywaji ninywe mvinyo bila kuhesabu, lakini kampuni inasema tukiwa chumba kimoja lazima tununue wote wawili. Hii ni haki?
Bado Njiani, Dallas

Marahaba. Sharti hilo ni la kawaida kwenye kampuni kubwa, na sababu yake unaijua: bila hilo, kila chumba kingenunua kifurushi kimoja na kunywa kwa watu wawili. Haki tuiache, tupige hesabu. Chukua mfano wa kifurushi cha dola 75 kwa siku. Na bakshishi ya asilimia 18 ni 88 na nusu. Kwa safari ya siku saba ni kama 620, na kwa ninyi wawili 1,239. Glasi ya dola 12 pamoja na bakshishi ni dola 14 na senti 16. Ili pesa yako irudi, wewe peke yako, maana mwenzako anakunywa juisi, inabidi unywe glasi kumi na mbili na nusu kila siku ya Mungu, pamoja na siku mnayoshinda ufukweni ambako baa za meli hazikuhusu. Hizo ni chupa mbili na nusu kwa siku. Carnival ina kikomo cha vinywaji 15 vya kilevi kwa saa 24, kwa hiyo ungekuwa unafanya kazi karibu kabisa na dari. Utaniambia unanunua utulivu, si glasi. Sawa, lakini utulivu huo unauzwa rahisi zaidi kwa njia nyingine: chupa ya dola 36 usiku mmoja, na kesho yake unamalizia iliyoandikwa namba yenu. Chupa nne kwa safari nzima, na bakshishi yake, ni dola 170.

Na usisahau kwamba ruhusa ya kubeba chupa ni ya kila mtu mzima, aliyeokoka na asiyeokoka. Ya mkeo pia ipo, mililita 750, bila kufunguliwa, kwenye mkoba wake wa mkononi. Kama atakubali kupita nayo mbele ya wakaguzi akiwa na kitenge cha kwaya ya akina mama, hilo halimo kwenye safu hii. Muulizeni mchungaji.