Namna ya Kutumia Mvinyo Kama Dawa

Umesikia kwamba glasi ya mvinyo mwekundu hulinda moyo, na chupa ya Dodoma iko mezani. Haya, kama ni dawa, itumie kama dawa.

Anza na kipimo. Dawa haimiminwi kwa kukadiria, kwa hiyo chukua kikombe cha kupimia cha jikoni ujaze mililita 150. Kwa Wamarekani hicho ni kinywaji kimoja, chenye gramu 14 hivi za kilevi tupu iwapo mvinyo ni wa asilimia 12. Kihamishie sasa kwenye ile glasi pana unayotolea wageni, uone kilivyojikunyata chini. Chupa ya mililita 750 ina dozi tano. Mume na mke wakiimaliza kwa chakula cha jioni, kila mmoja amemeza mbili na nusu. Wala dozi za wiki nzima hazilimbikizwi zikanywewe Ijumaa. Ini hupambana na kilichofika usiku huohuo.

Kisha soma karatasi ya maelezo. Chupa haina, basi nakuandikia. Mwili hugeuza kilevi kuwa asetaldehidi, kemikali inayoharibu vinasaba. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliviweka vileo kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1988, kundi moja na sigara. Hatari ya saratani ya matiti huongezeka hata kwa mwanamke anayekunywa kidogo, na kilevi cha zabibu ni kilekile cha bia na gongo. Mjamzito asiguse. Anayetumia insulini au dawa za usingizi amuulize daktari kwanza.

Sasa uliza ni nani aliyekuandikia dawa hii. Kanisani watakutajia Paulo alivyomshauri Timotheo anywe mvinyo kidogo, lakini Timotheo alikuwa na shida ya tumbo. Habari ya moyo ilivuma mwaka 1991 kupitia kipindi cha televisheni cha Marekani, 60 Minutes, na mwaka uliofuata Serge Renaud na Michel de Lorgeril wakaandika katika The Lancet kwamba Wafaransa wanakula mafuta mengi ya wanyama lakini hawafi sana kwa moyo. Mvinyo ukapewa sifa. Baadaye watafiti walitazama vizuri kundi la wasiokunywa, wakakuta humo watu walioacha pombe kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa. Wanywaji wa kiasi, kwa upande wao, mara nyingi walikuwa na kipato kizuri na chakula bora. Ukimlinganisha mtu wa namna hiyo na mgonjwa, lazima aonekane mzima! Makosa hayo yaliporekebishwa, faida ile ilipungua sana, na katika tafiti nyingine ikatoweka kabisa.

Resveratroli je, ile ya kwenye ganda la zabibu? Lita nzima ya mvinyo huwa na miligramu chache tu, ilhali majaribio kwa binadamu hutumia mamia. Ini litakufa kabla moyo haujapata dozi yake.

Usiyekunywa, usianze kwa ajili ya moyo. Kula zabibu zenyewe na maganda yake, punguza chumvi, tembea. Unayekunywa kwa sababu unaupenda mvinyo, kunywa kidogo, ukiwa umeshiba, na siku nyingine usinywe kabisa. Halafu nenda zahanati ukapime presha. Ikiwa juu, mtajie daktari kiasi halisi unachokunywa kwa wiki, maana kilevi chenyewe huipandisha.