Mwongozo wa Talaka kwa Wenye Hasira

Hatua ya kwanza ya kuachana na mwenzi wako ni kuweka simu chini. Ule ujumbe wa saa nane za usiku, unaowataja watu wa ukoo wake mmoja mmoja hadi kwa babu aliyekwisha kufa, usiutume. Ukiutuma utachapwa, utapewa namba ya kielelezo, na utasomwa saa tano asubuhi mbele ya hakimu aliyelala vizuri. Utaulizwa swali moja tu: "Haya maneno ni yako?" Na namba ni yako, picha ni yako, hata makosa ya tahajia ni yako.

Hatua ya pili ni kuwakwepa wanasheria wa ukoo. Kila ukoo Tanzania una mjomba ambaye hajawahi kuifungua Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 lakini anakijua kila kifungu chake. Yeye ndiye atakayekuambia kwamba mkikaa pamoja miezi sita mmeshakuwa mume na mke. Sheria inasema miaka miwili au zaidi, na bado haitoshi: lazima jamii iwe inawajua kama mume na mke, na hata hapo mnachopata ni dhana ya ndoa, ambayo upande wa pili unaruhusiwa kuivunja kwa ushahidi. Mjomba huyohuyo atasema aliyeondoka nyumbani kapoteza haki zake zote. Si kweli. Mwanamke aliyekimbia kipigo hakuziacha haki zake chini ya kitanda, na kifungu cha 66 kinasema waziwazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. Msikilize mjomba kwa adabu, mmiminie chai, kisha nenda katafute wakili.

Wakili, si kishoka. Kishoka humtafuti, anakutafuta yeye. Yuko nje ya geti la mahakama, ana mkoba, ana muhuri, anamjua karani kwa jina la utani, na anakuhakikishia kuwa kesi yako itaisha wiki ijayo. Wakili wa kweli hatoi ahadi ya namna hiyo. Jina lake liingize kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama yupo na kama anaruhusiwa kufanya kazi mwaka huu. Ni kazi ya dakika chache kwa simu. Anayekasirika kwa sababu umeulizia uwakili wake, muage palepale, na nauli yako ibaki salama.

Sasa tuje kwenye hatua ambayo watu wanaipita mbio, na ndiyo inayowaangusha. Huamki tu asubuhi ukafungua shauri la talaka mahakamani. Kifungu cha 101 kinataka mgogoro uwe umepelekwa kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na Baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza linaweza kuwa la kata, la BAKWATA au la kanisa; lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Wengi wanakwenda pale kugongewa muhuri tu. Mwenyekiti anapewa soda, anaandika barua ya mistari mitatu kwamba "hawa wameshindikana", watu wanashukuru na kuondoka. Barua hiyo imeshawala watu miaka.

Kinachotakiwa ni Fomu Namba 3, yenye matokeo ya usuluhishi, inayosema bila kuzunguka kwamba Baraza limeshindwa kuwasuluhisha, na iliyotolewa si zaidi ya miezi sita kabla ya shauri kufunguliwa. Mahakama ya Rufani imeshafuta mashauri yaliyopanda ngazi hadi kwake kwa sababu hati ya Baraza ilikuwa na kasoro. Talaka ikafutika, mgawanyo wa mali ukafutika, na watu waliokuwa hawasalimiani wakarudi kuwa mume na mke. Kwa hiyo ukipewa fomu, usiikunje na kuitia mfukoni. Isome ukiwa bado mbele ya mwenyekiti: majina ya pande zote mbili, tarehe, saini, muhuri, na ile sentensi ya kushindwa. Pasipokuwa sawa, mwombe mzee arekebishe kabla hajaenda kula. Kama mwenzako aliitwa akagoma kwa makusudi, au amekutelekeza na hajulikani aliko, sheria inakuruhusu uendelee bila usuluhishi huo. Lakini tunza nakala ya wito, tarehe uliyopelekwa, na jina la aliyeupeleka.

Kama ndoa haijatimiza miaka miwili, ngoja. Kabla ya hapo ni lazima uombe ruhusa maalumu ya mahakama na kuonyesha mateso yasiyo ya kawaida. Kuchokana peke yake hakuhesabiwi.

Na kwa mume wa ndoa ya Kiislamu anayeamini kwamba karatasi ya talaka imemaliza kila kitu: sheria inaitambua talaka yako, ila baada ya Baraza kuthibitisha kushindwa kuwapatanisha, na amri ya kuvunja ndoa inatolewa na mahakama. Ukimpa mkeo karatasi saa kumi na kumtolea sanduku nje saa kumi na moja, mtakutana tena mbele ya hakimu, na mkeo atakuwa na swali la nyumba.

Swali la nyumba ndilo linalostahili muda wako. Siku ya kwanza kwa wakili, machozi yana nafasi yake, lakini nenda pia na mfuko wa karatasi: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, fomu ya Baraza, risiti za saruji na bati, mkataba wa kiwanja wenye saini ya mjumbe, miamala ya simu, daftari la kikoba. Kisha jibu unachoulizwa. Mazungumzo huwa hivi:

"Mama, mchango wako kwenye nyumba hii ni upi?"

"Mimi sikutoa kitu, wakili. Nilikuwa mama wa nyumbani tu."

"Mafundi walikuwa wanakula wapi?"

"Kwangu."

"Maji ya kuchanganyia zege?"

"Nilichota mimi, bombani kwa jirani. Mume alikuwa safarini."

"Na watoto alikaa nao nani?"

Hapo mama ananyamaza, na wakili anaanza kuandika.

Alichoandika kina historia. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kabla ya hapo majaji walikuwa wamegawanyika. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa sababu mahakama iliona mumewe alishampa mtaji wa biashara naye akautumia vibaya. Inaniuma kila ninapolisoma shauri hilo: mwanamke aliyewafungulia wenzake mlango hakupita yeye. Lakini mlango uko wazi, na aibu ni kuufikia na kusema "sikutoa kitu".

Usidanganywe pia kwamba kuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama itazame kiasi cha mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi, pamoja na madeni na mahitaji ya watoto. Mchango unathibitishwa. Fundi aliyekula ugali wako ni shahidi. Jirani mwenye bomba ni shahidi. Waite wangali hai na wangali wanakumbuka.

Wewe unayetaka wiki hii kuhamishia kiwanja kwenye jina la kaka yako, au magari kwenye jina la mama yako, acha. Bibi wa miaka themanini ambaye ghafla amekuwa mmiliki wa Coaster mbili za Mbagala ataulizwa alizinunua kwa fedha ipi, na utakuwa umemtia mama yako mzazi kizimbani kwa ajili ya hasira zako. Na wewe unayehofia kufanyiwa hivyo, ujue kifungu cha 59 hakiruhusu nyumba ya ndoa kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na una haki ya kuiwekea zuio. Mwambie wakili alishughulikie hilo mapema, kabla ya mengine yote.

Watoto wasiwe matarishi. Mtoto wa darasa la pili asipewe kazi ya kusema "mama anasema ada haijalipwa" na kurudi na jibu la "mwambie amuulize bwana wake". Mahakama inaangalia kwanza ustawi wa mtoto. Kwa aliye chini ya miaka saba kuna dhana kwamba ni vema akae na mama, nayo inaweza kupingwa kwa sababu za msingi. Aliye mkubwa wa kutosha kutoa maoni yake husikilizwa. Mzazi anayemfundisha mtoto maneno ya kumsema mwenzake asishangae mtoto akiyasema yote, pamoja na "baba alinifundisha niseme hivi".

Kuhusu malipo, dai makubaliano ya maandishi na risiti kwa kila shilingi, na uliza mapema kama bei ni ya shauri zima au ya kila siku ya mahakamani. Kama huna uwezo, usikope kwa riba. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wapo wasaidizi wa kisheria, na wapo TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Shauri linaweza kuanzia mahakama ya mwanzo, na tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo sema unachokijua kwa maneno yako. Usipoelewa hakimu alichosema, nyoosha mkono: "Mheshimiwa, naomba unifafanulie." Ni haki yako.

Hukumu ikitoka, usikimbilie kuweka picha ya furaha mtandaoni. Uliza siku hiyohiyo muda wa kukata rufaa, kisha omba nakala ya hukumu na ya amri ya talaka zilizogongwa muhuri. Hakikisha talaka imesajiliwa RITA, maana siku utakapotaka kuoa au kuolewa tena, hicho ndicho utakachoulizwa kwanza. Toa nakala za ziada, na seti moja mpe mtu unayemwamini asiyekaa nyumba moja na wewe.